Monita Kazi Yake Kuchongea

Hapana, hatukununua. Si ile spika kubwa yenye taa, si zile ndogo. Na kuimba niliimba mimi, lakini niliombwa. Kaeni niwaeleze, maana nawaona midomo inawawasha.

Kwaya yetu ya Bangwe ilikuwa mchanganyiko, sisi Waha wenyeji na Warundi waliokimbilia kwetu wakati wa vita. Tukataka kurekodi wimbo mmoja ukapigwe kwenye redio ya mjini, ile inayosikika mpaka makambini na ng'ambo ya ziwa. Mwenye shida hasa alikuwa jirani yangu, Mrundi. Siku ya kukimbia, watu wanasukumana ufukweni kugombea mtumbwi, mkono wa mwanawe ukamponyoka hivi hivi. Hajamwona tena. Miaka imekatika. Akasema, "Wimbo huo ndio nilikuwa nambembelezea. Akisikia sauti yangu, atajua mama yupo."

Basi kwaya ikauza dagaa sokoni Kibirizi, tukapata kihela cha kubana. Tukaenda dukani watatu: mimi, jirani, na mwalimu wa kwaya, Mrundi naye, kompyuta kaibana kwapani.

Muuzaji, mdomo haufungi! "Karibuni mama zangu! Huu sasa ndio mzigo! Besi inatikisa mpaka mabati!" Nikalipenda lispika lake, taa zinakimbizana, nyekundu, kijani. Mwalimu hataki. Yeye anaongea polepole kama anamnywesha mgonjwa uji: "Mama, hela yetu ndogo. Tukichukua hiyo, saundi kadi hatupati, na kadi ndiyo inaingiza sauti kwenye kompyuta. Tuchukue ya matundu mawili, maiki ya kwaya na maiki ya huyu mama anayeanzisha wimbo. Halafu hizi spika ndogo, monita."

Monita! Shule sikwenda, lakini monita namjua, wajukuu wamenieleza: ni yule mtoto anayeandika wapiga kelele, mwalimu akija anawataja. Nikamwambia, "Yaani kijana, hela ya dagaa tununue mchongezi?"

Akacheka. "Ndiyo kazi yake, mama. Hiyo kubwa inakusifia. Hizi zinasema ulivyo."

Muuzaji akachomeka waya, jirani akaimba kidogo kwenye maiki, mwalimu akarekodi. Tukasikiliza kwanza kwenye ile kubwa. Lo! Sauti nene, tamu, nikapiga kigelegele. Kisha kwenye monita.

Jamani. Ikatoka sauti imepasuka, inakwaruza kama sufuria linalokwanguliwa ukoko. Mpaka kifua unakisikia kinavyovuta. Kumbe miaka yote ile ya kubanika samaki wetu migebuka, moshi ulikuwa unamla koo, na sisi tunaongea naye kila siku hatuna habari. Mwenyewe akageuka nyuma kutazama nani kaingia dukani.

"Huyo nani?"

Mwalimu akamwonyesha yeye mwenyewe kwa kidole.

"Hiyo siyo sauti aliyoiacha mwanangu," akasema. "Hatanijua."

Mwalimu akanitazama. Anajua naigiza watu, na yeye mwenyewe nimeshamwigiza mpaka kanuna. "Mama, wewe si unaiweza ile sauti yake ya zamani?"

Naiweza. Tangu anafika Bangwe nilishaikamata, nikawa namtania nayo tukichota maji ziwani: nyembamba, inapanda, mwishoni inakatika kidogo kama mtu kameza mate. Nikamtazama jirani. Akaitikia kwa kichwa. Nikaimba.

Monita zikairudisha. Yule mchongezi hakunichongea! Alikuwa yeye kabisa, yeye wa siku ile ya kwanza, na tope la ufukweni miguuni. Mwalimu akashika kichwa. Muuzaji naye, mdomo ukafunga.

Nikasema, "Haya, mwanao kapatikana!" Nacheka, namngoja na yeye acheke.

Hakucheka. Akajifunga kanga yake vizuri, akaichukua ile maiki mkononi mwangu, akamrudishia muuzaji.

"Basi akija kwa sauti hiyo," akaniambia, "aje kwako."