Bi Mabaki na Sikio la Kaka Yake

Wanafunzi wa chuo kikuu walimwita shangazi yangu Bi Mabaki, wakidhani hajui. Alijua, na jina lenyewe lilimpendeza. Alifundisha Kilatini ghorofa ya juu kabisa, katika chumba ambacho feni yake ilizunguka kwa kulalamika, na darasa lake halikujaa hata siku moja. Walikuja wanasheria watarajiwa, waliotaka misemo miwili mitatu ya kujitapia mahakamani, na waseminari ambao hawakuwa na pa kukimbilia.

Ila kilichomnyima raha si Kilatini kilichopo, ni kile kilichopotea. Alikuwa akimtafuta mshairi mmoja wa Roma ya kale ambaye vitabu vyake vyote viliangamia. Vilinusurika vipande tu, tena kwa mlango wa uani: wanasarufi wa zamani walimnukuu kwa sababu, kwa maoni yao, alikosea maneno.

"Hebu fikiria," aliniambia nilipokuwa bado shule ya msingi. "Mtu anaandika maisha yake yote, halafu anakumbukwa na aliyemsahihisha tu."

Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo. Washairi waliozaliwa baadaye walimsoma huyo mtu kabla hajapotea, wakachota kwake, wengine bila hata kushukuru. Ukiwakuta wawili wasiojuana wana jambo lile lile la ajabu, unaanza kujiuliza wamelitoa kisima gani.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Aliifanya na baba yangu, kaka yake mkubwa. Baba ndiye aliyemfundisha Kilatini. Alipelekwa seminari akiwa kijana, na kila likizo alirudi nyumbani na, wakimenya vitunguu jikoni, akamgawia mdogo wake yote aliyojifunza, maana enzi zile nani angefikiri msichana ana haja na Kilatini? Upadri hakuufikia. Aliacha, akaoa, akawa mwalimu wa sekondari. Shangazi akasonga mbele hadi chuo kikuu.

Hata hivyo, mwenye sikio alibaki kuwa Baba. Shangazi alijua vitabu, Baba alisikia. Ukimsomea shairi alifumba macho, kichwa kikainama kidogo, kisha kidole kikapanda. "Hapo. Hilo si lake. Kaazima."

Jumamosi walijazana mezani kwetu na makamusi yao, na sisi tukala tumepakata sahani. Mama alikuwa fundi cherehani, Kilatini hakukijua hata cha kuombea maji, lakini alikuwa na lake la kusema. "Wenzangu wana mawifi wa kuwagombanisha na waume zao. Wangu kakaa na mume wangu, wanalea maiti ya Kirumi."

"Wifi, maiti hali chakula," Shangazi alimjibu. "Hakutii hasara."

Kulikuwa na kipande kimoja walichokipenda kuliko vyote. Kilisema mvua ilitembea juu ya vigae kwa visigino. Kilihifadhiwa eti kwa kuwa neno la visigino lilikuwa na mwisho usiofaa. Baba aliisikia mvua hiyo hiyo kwa mshairi wa baadaye, imejificha ndani ya shairi la harusi. Alipoisikia tena kwa mwingine, wa nchi ya mbali kabisa, nilimwona Shangazi, mtu mzima mwenye miwani, ameshikana mikono na kaka yake wakirukaruka sebuleni mpaka kikombe kikaanguka. "Yupo!" Shangazi alikuwa akipiga kelele. "Kaka, mtu wetu yupo!"

Halafu Baba akaanza kusahau. Mwanzo ilikuwa funguo, na sote tulicheka. Kisha siku moja alitoka kwa kinyozi akashindwa kujua njia ya nyumbani, akaletwa na muuza magazeti. Daktari aliuita ugonjwa huo kwa jina lake na hakutuficha kwamba hauna dawa.

Mama alielewa upesi. Shangazi alikataa katakata. "Kaka amechoka tu," alisema. "Akili kama ile haiondoki. Inataka kuamshwa."

Akajipa kazi ya kuiamsha. Alikuja kila jioni, akamkalisha Baba mezani, akamtajia nusu ya mstari ili yeye amalizie. Baba alijitahidi. Midomo ilicheza, vidole vikafinyana. Siku nyingine alipata neno, na Shangazi akang'aa kama mtoto. Siku nyingi hakupata. Jioni moja nilitoka chumbani nikamkuta Baba analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndevu, na Shangazi bado anamwambia, "Jaribu, Kaka. Huu ulinifundisha wewe."

Mama aliacha cherehani, akaja akasimama kati yao. "Basi, wifi. Huyu si mtihani. Ni mume wangu, na anaogopa."

"Nataka kumrudisha."

"Hata mimi namtaka. Lakini ukimvuta hivyo unamwumiza."

Shangazi alikusanya makamusi yake akaondoka. Kwa muda hakuonekana kwetu. Aliporudi alikuwa amekonda, akamwomba Mama ruhusa ya kumsomea tu, bila kumwuliza chochote. Mama akamsogezea kiti.

Akawa anasoma, Baba akiangalia dirisha. Alasiri moja alimsomea mshairi asiye na jina kubwa, wa nyakati za mwisho za Roma, ambaye hakuna aliyewahi kumhusisha na mtu wao. Nilikuwa nakunja nguo pale pale. Katikati ya ukurasa, macho ya Baba yakafumba. Kichwa kikainama. Kidole kikapanda.

"Hapo," alisema. "Huyo kamsikia yule."

Shangazi alishusha kitabu. "Yule nani, Kaka?"

"Yule wetu. Wa mvua." Akafumbua macho, akamtazama kwa upole wa mtu anayemkaribisha mgeni. "Unasoma vizuri, mama. Nani alikufundisha?"

Shangazi alimjibu, "Kaka yangu."

"Ana bahati huyo, kuwa na dada kama wewe. Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo," Shangazi akasema. "Ila hatuonani sana."

"Msalimie."

"Zimefika."

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa bila sauti kukatika, akafunga kitabu, akaenda jikoni. Mama alimfuata. Nilipochungulia, Mama alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, kichwa mgongoni mwake, na wote wawili wanalia.

Baba hakuinua kidole tena. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Shangazi aliuchambua ukurasa ule neno kwa neno. Hapakuwa na mvua, wala vigae, wala visigino. Alipima mapigo ya mistari, akaandikia wataalamu wa nchi nyingine. Hakuna aliyeona kitu. Kitabu chake kilipokamilika, jina la Baba lilitangulia lake, na kuhusu ukurasa ule aliandika maneno machache tu: kaka yangu alisikia hapa, mimi sijasikia. Mhariri alimsihi ayafute, kwamba huo si ushahidi. Alimjibu kwamba kama hayatakiwi, basi na kitabu kisitoke. Kikatoka nayo.

Sasa amestaafu. Juzi nilimpelekea dawa zake za presha nikamsikia kutoka ngazini akisoma kwa sauti. Ukurasa ni ule ule. Nilimwuliza kama anaamini Baba alisikia kweli, au ni ugonjwa tu uliozungumza.

"Sijui," alisema. "Nausoma polepole, nausoma haraka. Nilidhani nikiusoma kama angeusoma yeye, nitasikia." Akavua miwani, akaishika mapajani. "Lakini sauti yake inanitoka, mwanangu. Nakumbuka alisema nini. Alivyosema, sikumbuki tena."