Taa Niliyompa Dhadho Aishike

Wengi wenu mmeisikia habari hii kwa watu wa Golbanti, na mmecheka, nami nimenyamaza kwa sababu anayechekwa akijitetea huchekwa mara ya pili. Lakini leo nitaisema mwenyewe kama ilivyokuwa, maana aibu ni yangu na hasira pia ni yangu, na hasira hiyo mpaka leo haijapoa.

Mimi ni mtu wa Kipini, ila duka langu la picha liko Garsen, na kazi hii hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kusoma vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi ya filamu, na kwa kuharibu filamu. Najua kwamba balbu ya flashi huwaka mara moja tu, kisha ni takataka. Najua kwamba ukiifunga flashi juu ya kamera, mwanga huenda moja kwa moja usoni, na kila mtu hutoka mweupe na bapa, kivuli cheusi kimeganda ukutani nyuma ya masikio yake. Lakini ukiitenga na kamera kwa waya mrefu, ukaiinua juu na kando, uso unapata mashavu, unapata makunyanzi, unakuwa uso wa mtu. Kwa ajili hiyo nilichonga mti wa mkoko na kuutia kibanio nchani cha kushikia flashi. Siku ya harusi ya Rebeka nikauacha dukani. Mtumbwi ulikuwa umejaa, mvua imekatika, nikajiambia (hapo ndipo palipoanzia yote) kwamba leo tutapiga nje, jua la Mungu linatosha.

Tulipofika Golbanti mvua ikarudi kama iliyosahau kitu. Watu wote wakajibana ndani ya nyumba ya baba yake Rebeka, nyumba kubwa ya udongo na makuti, madirisha yake madogo, mchana lakini ndani giza la ghalani. Nikafunga flashi juu ya kamera, nikapiga maharusi, nikapiga wazazi, nikapiga marafiki wa bwana harusi waliokuwa wakinivuta shati, hadi ikabaki balbu moja.

Ile moja niliiweka kwa makusudi. Rebeka alikuwa ameniita kando, akaniambia, "Fundi, mpige nyanya yangu. Kesho nakwenda Mombasa na mume wangu, na yeye miguu haimbebi tena, hatakuja kuniona. Nataka uso wake. Amekataa miaka yote, leo ndiyo amekubali."

Nyanya aliketi katikati ya chumba juu ya kiti cha kamba. "Usinitoe mweupe," akaniambia. "Mimi si mzungu."

Hapo ndipo Dhadho alipofungua mdomo. Dhadho ni mume wa binamu yake Rebeka, mtu mrefu, anafanya kazi bandarini Mombasa na hataki usahau. "Fundi huyu mnamjua?" akawauliza watu. "Picha zake wote mnatoka kama mmemwagiwa unga! Mombasa taa inashikwa huku, kando. Huku!" Watu wakacheka. Nami, mtu mzima, nikakasirishwa na maneno niliyoyajua kumshinda aliyeyasema. Nikafungua flashi juu ya kamera, nikaunga waya mrefu, nikamkabidhi. "Haya, bwana Mombasa, wewe mrefu. Shika. Inua. Usisogee."

Niliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Nikachukua kamba yangu yenye mafundo, nikapima kutoka kwenye flashi hadi kwenye pua ya Nyanya (watu wakacheka tena, wakasema nampima sanda), nikarekebisha tundu la lenzi kwa kipimo hicho. Kila kitu kilikuwa sawa. Nataka mlijue hilo. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nikainama kwenye kamera. "Nyanya, tazama hapa." Nyuma yangu mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia shangazi yake Rebeka, aliyekuwa jikoni tangu asubuhi, na leso mpya mkononi ya kumfunika Nyanya mabegani. Sikumwona. Dhadho alimwona. Yule mama ndiye aliyemzaa mke wake, na kwa ukoo wao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona anakuja, humpa mgongo. Basi Dhadho akampa mgongo, mzima mzima, pamoja na flashi yangu, nami kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Mwanga ukapasua kona ya nyuma ya nyumba. Na konani alikuwako Mzee Komora, mzee wa kanisa, ambaye muda mfupi nyuma alituombea na kutuonya sote juu ya tembo la mnazi, kibuyu kikiwa mdomoni.

"Ni dawa ya kifua!" akapiga kelele kabla hajaulizwa.

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Dhadho, bado ameficha uso, akajitosa nje kwa mlango wa mbele bila kuachia flashi, waya ukakaza, na kamera yangu ikaanguka kifudifudi ndani ya sinia la wali na samaki.

Nilimfuata nje mvuani. "Kwa nini hukuniambia una mama mkwe humu?"

"Fundi," akasema, na watu wote wakisikia, "mimi nina mke. Ulidhani nimemwokota?"

Ndani Nyanya alikuwa bado amekaa wima. "Umeshanichukua?"

"Bado, Nyanya."

"Sasa uliyemchukua ni nani?"

Rebeka hakucheka. Alichukua ile leso, akamfunika nyanya yake mabegani, na kesho yake akaondoka.

Picha ilitoka. Mzee Komora yumo, kila unywele wa ndevu. Nyanya mbele yake ni kivuli kitupu. Maji ya mto yalipopungua nikarudi Golbanti na balbu mpya na mti wangu begani. Nyanya akanitazama sana. "Nilikubali ili Rebeka aende na uso wangu," akasema. "Rebeka keshakwenda. Wewe unautaka wa nini?"

Nikarudi na mti wangu Garsen, na tangu siku ile sijampa binadamu flashi yangu aishike, awe ndugu, awe padri, awe mrefu kama mnazi. Wakinicheka kwamba natembea na gogo harusini, nawajibu kwamba gogo halina mama mkwe.