Maziwa ya Mama Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja kule Katumba Songwe ambayo hainitoki moyoni. Nilikuwa nimefunga khanga zangu kwenye furushi, nimeamua kurudi kwetu Ikombe na kumwacha mume niliyempenda. Sababu? Tumbo. Cheka tu, ukimaliza unisikilize.

Sisi tulilelewa kwa samaki wa ziwani, mbasa, na ugali wa muhogo. Nilipoolewa kwa wafugaji, mama mkwe alinimiminia kila asubuhi kikombe kikubwa cha maziwa kwa mkono wake. Ni mkwe gani angekataa heshima ile? Nilikunywa. Tumbo likajaa na kunyonga, usingizi ukapotea, moyo ukadunda ovyo, hata kupepeta mchele nikashindwa. Majirani wakanong'ona kwamba nimerogwa. Mimi nilidhani ni kumlilia mama yangu, maana nilimkumbuka hasa, pamoja na ziwa la kwetu na moshi wa vyungu tunavyofinyanga vikichomwa.

Mama mkwe akaliona furushi, akaketi kizingitini.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Safari ya wapi?"

Nikalia, nikamweleza yote.

"Mficha uchi hazai!" akanikemea. "Tumbo lako linakataa maziwa, wewe unaogopa kunikataa mimi. Nilikupa ushibe, sikukupa uteseke."

Akanipeleka zahanati. Muuguzi akatueleza kwamba wapo watu wengi wasiopatana na maziwa ukubwani, na kwamba tumbo na ubongo husemezana kupitia mishipa ya fahamu: hofu huchafua tumbo, na tumbo lililochafuka hufukuza usingizi. Nilipoacha maziwa tumbo lilitulia upesi. Usingizi ulirudi polepole, tena baada ya mama mkwe kuniruhusu niende kwetu nikamwone mama, kisha nirudi. Nilirudi.

Mama mkwe sasa ametangulia mbele ya haki. Kila nilapo peke yangu natamani aniulize tena kama alivyozoea tangu siku ile, "Tumbo limekubali?" Namkumbuka mno.

Basi, mwanangu, chunguza kinachokusumbua baada ya kula, umtajie mwenyeji wako bila aibu, umwone daktari. Usiache vyakula kwa kusikia maneno ya barabarani. Na moyo ukilemewa, sema pia, maana tumbo litausemea kwa njia usiyoipenda. Mungu akujalie watu wa kukuuliza umekula nini, akupe na ulimi wa kuwajibu ukweli.