Pongo wa Iyolwa na Neno Nililolizuia

Ninyi wa Dabani mlioniuliza kwa nini nilirudi kutoka Iyolwa na suruali ya kanisani imepasuka gotini, jibu ni hili, na si la kujisifu. Dada yangu Nekesa, aliyeolewa huko na Okoth, mwindaji wa Kipadhola, alinitumia salamu kwa wauza vyungu: mimba yake imefika mwezi wa nane, niende nimwone. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Salamu kama hiyo haiwekwi kiporo.

Asubuhi na mapema nilipanda baiskeli ya misheni, kuku wa shemeji akining'inia kwenye usukani. Barabara ya pamba, ile tuliyoilima kwa amri ya chifu, ilinibeba vizuri hadi saa nne, tairi likatoboka. Kutoka hapo mimi ndiye niliyeibeba baiskeli. Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba mtupu, lilikuwa mbele yangu asubuhi nzima bila kusogea, mpaka nikalichukia.

Saa saba niliingia uani kwa Okoth. Nekesa alikuwa amekaa peke yake mlangoni, mikono juu ya tumbo, na badala ya kunipa maji alinipa swali.

"Kaka, ulimwambia?"

Akanieleza. Okoth alikuwa ametega waya bondeni kwa ajili ya nguruwe-mwitu wanaomaliza viazi, na sasa hivi jirani amepita akisema waya umenasa pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe. Nanyi mnajua ukoo wetu na pongo. Hatumli, na damu yake haiingii kwenye boma lenye mwanamke wetu mjamzito. Nekesa alikuwa na hakika kwamba nyama ile ikifika uani, mtoto huyu naye ataondoka.

Nilikuwa sijamwambia Okoth. Siku ya mahari, shangazi yetu alisimama, kama ilivyo ada, ili awatajie wakwe chakula asichokula binti yetu. Mimi, katekista mpya, maji ya ubatizo hayajanikauka kichwani, nilimwambia aketi, hayo ni mambo ya gizani. Akaketi. Na bibi harusi hajitajii mwiko wake mwenyewe. Hutajiwa na watu wake. Basi miaka mitatu dada yangu alisingizia tumbo kila pongo alipopikwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini uchi huu niliuficha mimi.

Nilikimbia hadi bondeni, nikaanguka mara moja. Pembeni mwa mafunjo nilimkuta Okoth na mwenzake Othieno, mikuki mikononi. Pongo jike alikuwa amelala ubavu, mguu wa nyuma umebanwa na waya hadi nyama, akihema haraka haraka. Othieno alinitania kwamba mapadri wamenifundisha kunusa nyama toka Dabani.

Niliwaambia yote kwa Kiswahili chetu cha sokoni, na aibu ilinichoma usoni. Okoth aliushusha mkuki.

"Miaka tatu naona mama huyu nakataa nyama yangu," akasema. "Mimi nafikiri yeye nachukia nyumba yangu."

Akauchomeka mkuki ardhini, akavua shati, akamfunika mnyama macho. Othieno aliguna, kwani kwake alikuwa na watoto saba na mboga ya siku nne mfululizo. Hata hivyo ndiye aliyepiga magoti na kuushika ule mguu. Mimi niliambiwa nilalie kiuno. Nililala, moyo wa pongo ukinigonga tumboni, nikamwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mnyama. Othieno aliulegeza waya uzi kwa uzi, akimsemesha kwa Kidhopadhola, lugha yao, polepole, kama mkunga. Waya ulipotoka, teke moja liliimaliza suruali yangu. Pongo alisimama, akaanguka, akasimama tena, akachechemea ndani ya mafunjo. Tulisimama tukiyatazama majani mpaka yalipotulia.

Jioni, uani, Okoth hakukubali niketi. Alisema neno la bondeni ni la bondeni. La ndoa lisemwe mbele ya mke. Nikasimama kwa niaba ya shangazi niliyemketisha.

"Binti yetu huyu hali pongo."

"Nasikia," Okoth akajibu, na yeye amesimama. "Hapa kwangu hakuna mtu tena atapika pongo."

Nekesa alilia, kisha akasema ana njaa. Tulichinja kuku, paja moja likapelekwa kwa Othieno, na dada yangu alikula ugali wa wimbi mpaka nikacheka.

Siku ya tatu nilirudi, tairi limeshonwa kwa uzi wa katani. Sikupita kanisani kwanza; nilienda kwa shangazi. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba nilidhani imani ni kuwanyamazisha wazee, kumbe nilimwacha dada yangu peke yake katika nyumba ya watu. Alisikiliza huku akichambua karanga.

"Ulisema umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi limesemwa," akasema, akanisogezea ungo tuchambue pamoja.

Jana wauza vyungu walipita tena. Ni mtoto wa kike, analia kwa nguvu, na Okoth amempa jina la shangazi.