Kinagaubaga: neno lililonipatia mke Machochwe

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu "kinagaubaga" maana yake nini. Mkampa kamusi. Mimi nampa yaliyonikuta, na chumvi sitii.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi cherehani Mugumu, nakaa na ami yangu, mtu wa Pangani. Nikampenda Bhoke, binti wa Kikurya kutoka Machochwe. Ami akawa mshenga.

Kwa ami, kutaja posa siku ya kwanza ni utovu wa adabu. Na mwoaji hafungui mdomo.

Tukaenda na sukari (wa rika langu mnaijua sukari ya foleni). Ami akasifia mvua, akasifia ng'ombe, akasifia shamba la kijiji. Tukaaga.

Mara ya pili hivyo hivyo. Akaongeza kusifia zizi.

Bhoke akanitumia salamu: kuna watu wa kijiji cha Mbalibali wanakuja kumposa Jumamosi, na ng'ombe wanao.

Ijumaa tukarudi mbio. Ami akaanza, "Mvua mwaka huu, alhamdulillahi..."

Baba yake Bhoke akamkata. "Mzee mwenzangu, mvua hata mimi naiona! Umekuja mara tatu. Mke wangu anasema unataka shamba. Mimi nasema umetumwa kukagua ng'ombe. Sema kinagaubaga!"

Ami akatoka jasho. Akakohoa. Akarudi kwenye mvua.

Nikasimama. "Mzee, namtaka Bhoke. Ng'ombe sina, nina cherehani. Nipe muda, nitawaleta."

Ami akajifunika uso kwa kofia.

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Kumbe huyu ana mdomo! Siku zote mlikuwa mnakunywa uji wangu bure?" Akaita, "Bhoke! Huyu unamtaka?"

"Namtaka," akajibu kutoka jikoni. "Ila amechelewa mno, na hiyo suruali aliyojishonea haimkai."

"Basi wa Mbalibali nitawaambia wasijisumbue. Na wewe, ng'ombe utatoa. Usidhani nimesahau."

Nilitoa, wakuu. Ilichukua miaka.

Nilichojifunza: kinagaubaga siyo ukali. Ni kumwonea mwenzio huruma asikae anabahatisha.

Nimehamahama miji mingi tangu hapo, miguu yangu haitulii. Kila mji, kabla sijashusha mizigo, Bhoke ananiambia wazi kuwa utatushinda. Na kila mara anapanda gari nami.

Huko kwenu mtu anayesema kinagaubaga hivi mnamwitaje? Semeni, msinisifie mvua.