Jenerali wa Neno Moja

Mjomba hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa akiuza magodoro, akafukuzwa kwa kuyalalia saa za kazi, ndipo mama akamwonea huruma akamfanya refa katika kiwanja chake cha kurushiana rangi. Wiki ya pili tu alikuja na kofia ya mabaka na fimbo kwapani, akataka aitwe Jenerali. Tukamwita hivyo, maana kubishana naye kunachosha kuliko kufua mablanketi.

Kiwanja chetu kimezungushiwa wavu mrefu. Ndani mna matairi, mapipa, kuta za mbao na basi bovu lisilo na vioo, vya kujifichia. Mteja anapewa bunduki ya hewa inayorusha gololi za rangi. Ikikupasukia umekufa, unainua mkono unatoka. Ni mchezo, ila gololi ile ikikupata jichoni si mchezo tena. Kwa hiyo kuna sheria, zimeandikwa ubaoni mlangoni, na hata mtoto wa chekechea angezishika: barakoa haivuliwi ndani ya wavu; kabla ya kutoka mtutu unazibwa kwa kizibo; aliye karibu nawe chini ya hatua kumi humpigi, unamwambia ajisalimishe; aliyeinua mkono haguswi. Na refa akipuliza filimbi, wote mnaacha.

Mjomba alizisoma akaziona hazina chumvi. Akaanza na filimbi.

"Filimbi ni ya mpira wa miguu," alimwambia mama. "Kiongozi anatumia sauti. Mimi nikisema 'Basi', kila mtu anaganda."

"Mdogo wangu, na lile basi la mle ndani?"

"Dada, watu wana akili. Watajua ni basi gani."

Watu wana akili, kweli. Aliyepungukiwa tulikuwa tunamjua. Toka siku ile, mtu akimwambia mwenzake "Yuko nyuma ya basi", nusu ya wachezaji wanaganda na nusu nyingine wanawamaliza walioganda. Mwingine akikosa shabaha anasema "Aa, basi", wanaganda tena. Fundi bomba mmoja alisimama wima kama mlingoti, mtiifu masikini, akala gololi tisa za mgongo kutoka kwa jirani zake mwenyewe aliokuja nao. Mjomba akamwambia amekufa kishujaa. Yule bwana akaondoka anatembea kama aliyebeba yai kwapani.

Jioni mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mtu mwingine akiumia kwa uzembe wako, unatoka uwanjani. Kazi nampa mlinzi wa getini."

Mjomba alikosa usingizi, nilimsikia akizunguka sebuleni. Ujenerali ndio kitu pekee alichokuwa nacho. Ukimvua ule, linabaki tumbo na viatu. Mtu mwingine angelibadilisha lile neno, yakaisha. Yeye aliamka akaipiga kofia pasi.

Jumamosi wakaja mafundi cherehani wanane wa duka moja, wanasherehekea kumaliza sare za shule. Mimi nikawagawia barakoa dirishani, mjomba akawapanga mstari. Sheria za ubaoni zinasomwa kwa dakika mbili. Yeye alichukua arobaini, akiwa anatembea mbele na nyuma, mikono mgongoni.

Fundi wao mkubwa, mama mmoja mnene mwenye tepu bado shingoni, akamkatiza. "Afande, hizi sheria ulizikata bila kupima? Naona zinapwaya."

Wenzake wakacheka. Mjomba akavimba.

"Nikisema 'Basi' mnaganda. Hapo mnaruhusiwa kuinua barakoa, mnafuta jasho."

"Ubaoni wameandika haivuliwi," alisema fundi mmoja kijana wa kike mwenye miwani, kwa upole.

"Binti, ubao hauna uzoefu."

Uzoefu wa kuuza magodoro, labda.

Wakaingia. Dakika tano hazijafika, wawili wakasogeleana mno pale kwenye mapipa, chini ya hatua kumi, bunduki zimenyooka. Hapo mjomba alikuwa sahihi kutaka kuusimamisha mchezo, siwezi kumnyima hilo. Akiwa mlangoni pa lile basi bovu, akapiga kelele ndani ya barakoa yake, ikatoka sauti ya mbuzi aliyefungiwa guniani. Hakuna aliyegeuka. Basi, akafanya lile ambalo mtoto wa chekechea asingelifanya: akaipandisha barakoa hadi kwenye paji la uso, akavuta pumzi, akanguruma:

"Basi!"

Yule fundi mwenye miwani alikuwa amechutama nyuma ya matairi. Alidhani anaonyeshwa adui alipo. Akageukia kwenye basi, akaona mtu amesimama mlangoni pake, akafyatua tatu.

Mjomba alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana kikao. Uso wote bluu. "Nimepofuka," akasema. "Dada, nimepofuka."

Mlinzi aliingia amevaa barakoa, akapuliza filimbi yake ya getini. Wote wakaacha. "Barakoa zibaki usoni," akasema. Akazikagua bunduki moja moja, akaziba mitutu, akawatoa nje, kisha akamshika mjomba mkono. Hata maelezo hakutoa.

"Umesema basi," yule binti akamwambia mjomba, "nikageukia basi."

"Tulia mwanangu," fundi mkubwa akamwambia. "Umefuata agizo la mteja."

Hospitalini daktari alisema jicho ni zima, imepasuka ngozi ya nyusi tu, akamtia nyuzi mbili. Mjomba akaonekana kusikitika kidogo. Nadhani tayari alikuwa ameshajiona na kitambaa cheusi jichoni.

Mama alimngoja barazani. "Kuanzia leo refa ni mlinzi."

"Kwa hiyo unanistaafisha."

"Hapana. Anayestaafu ni mtu aliyefanya kazi."

Jumatatu asubuhi alikuja kwenye beseni ninapooshea barakoa, na bandeji yake, hana kofia. Akaniangalia kidogo, akaanza kunieleza kwamba nazisugua vibaya. Nikamsogezea sabuni na zile thelathini zilizobaki.