Maji Aliyopewa Mdogo Wangu

Baba mdogo simsamehe, na wanaoniambia yaishe waniache.

Mdogo wangu wa kike alikwenda kwake Sapiwi kumsaidia kupiga dawa shamba la pamba. Huku kwetu ukishatua bomba la dawa unapewa maziwa, watu wanaamini yanaosha sumu. Baba mdogo ana ng'ombe zizi zima, lakini kwa ubahili wake akasema maziwa ni ya ndama, maji yanaosha vilevile.

Nilipofika kumchukua, ndoo ya maji ilikuwa karibu kwisha. Mtoto hajala tangu asubuhi, katoka jasho juani kutwa nzima, na huyu bwana kamsimamia, anamjazia kopo juu ya kopo. Akatapika maji matupu. Baba mdogo akafurahi, eti sumu hiyo inatoka, akamchotea mengine! Nikamnyang'anya kopo. Mdogo wangu alikuwa ameshika kichwa, analia kinamuuma. Mara akaniita mama, na mama yetu tulishamzika. Kisha akaanguka, degedege likamshika.

Tulimkimbiza Bariadi kwa bodaboda, nimemkumbatia katikati. Daktari alipompima damu akaniuliza amekunywa nini. Nikamweleza. Akasema si dawa ya pamba. Maji mengi kwa mkupuo yameshinda figo, chumvi ya damu imezimuka, na ubongo umevimba. Jioni ile ile akakata roho.

Msibani baba mdogo alilia kutuzidi wote, akawaambia waombolezaji kwamba sumu ya pamba imemuua binti. Daktari nilimsikia mimi kwa masikio yangu. Nilimeza hasira siku ile kwa ajili ya maiti tu.

Tangu hapo, ukifika msimu wa kupiga dawa, napita nyumba kwa nyumba Sapiwi nikiwasimulia wasichana na mama zao alichofanya. Mwaka huu hakupata kibarua hata mmoja. Nilimkuta mwenyewe shambani, bomba mgongoni, anayumba na uzee wake. Roho yangu ikasuuzika, sifichi.

Akatua bomba, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, utaniandama mpaka lini?"

"Mpaka useme mbele ya watu kwamba ulimuua wewe."

Akaniangalia. Nilidhani atasema. Akainama, akajitwika bomba lake, akaendelea na mstari. Nikakaa ukingoni mwa shamba nikimtazama mpaka alipomaliza, maana nilitaka ajue kwamba nipo.